Mwaka wa saba na boti ya mbao Matema: nibadilishe mataruma au nihamie faiba?

Msafiri wa Matema (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za wakati huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina jambo linalonisumbua tangu mvua zilipokatika. Ningependa kusikia maoni ya wenye vyombo majini, hasa wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu ushauri mwingi ninaoupata unatoka kwa watu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambao maji yao ni ya chumvi na maradhi ya vyombo vyao si maradhi ya vyombo vyetu.

Ninamiliki boti ya mbao yenye urefu wa meta 7, iliyoundwa Kyela. Mkuku (mti mkuu wa chini unaobeba boti) na mbao za chini ni mvule, na mbao za juu ni paini kutoka Mufindi. Inasukumwa na mashine ya nguvu za farasi 15, ya kuchanganya petroli na oili. Mimi ninaishi Mbeya mjini, boti inakaa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kati yetu kuna mteremko wote wa Uyole, Tukuyu na Ipinda. Sikuinunua kwa biashara. Mama yangu ni Mkisi wa Ikombe, na nilipokuwa mdogo tulikuwa tukienda kwa bibi kwa mtumbwi wa gogo, tukipita chini ya Milima ya Livingstone ambayo inashuka moja kwa moja hadi majini, nami nikaweka nia kwamba siku nikipata uwezo nitakuwa na chombo cha kumpeleka mama kwao bila kuomba nafasi kwa mtu.

Wiki iliyopita tuliipindua boti kwa ajili ya kukalafati (kuziba nafasi kati ya mbao zisivuje), kama tufanyavyo kila mwaka. Fundi akachoma ncha ya kisu kwenye taruma (ubavu wa ndani unaoshika mbao) la tatu kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, kikaingia kama kinachoingia kwenye muhogo uliochemshwa. Tukaendelea kupima moja baada ya jingine. Kati ya mataruma 11, matano yamekwisha. Mbao za chini ambazo ziko majini miaka yote ni nzima na ngumu, hata msumari mpya unaingia kwa shida. Kilichooza ni cha ndani na cha juu.

Jambo hili lilinishangaza hadi fundi aliponieleza, nami nalieleza hapa kwa sababu naona ndiyo elimu ya kwanza ambayo mwenye boti ya maji baridi anapaswa kuwa nayo. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Ubao uliozama muda wote una maji lakini hauna hewa ya kutosha. Ubao ulio kavu una hewa lakini hauna maji. Unaoliwa ni ule unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kule pwani maji ya bahari yanayotuama ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) ni ya chumvi, na chumvi huwazuia kuvu hao, ndiyo maana wenzetu wanahangaika zaidi na minyoo inayotoboa mbao kutokea chini. Kwetu minyoo hiyo haipo. Kwetu adui anatoka juu, naye ni mvua, na sote tunaijua mvua ya Kyela, ambayo ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yakikaa ndani ya boti kwa wiki tatu bila mtu wa kuyakumba, yakalala katika pembe za mataruma, kazi imekwisha.

Wiki tatu hizo ni zangu mimi. Ninapokuwa Mbeya kwa sababu za kazi, kijana anayeniangalizia boti anakumba maji anapokumbuka, na simlaumu, kwa sababu ana shamba lake la mpunga na miche yake ya kakao.

Swali langu basi ni hili: nibadilishe mataruma matano (na nikifungua, huenda yakawa saba), au niuze mbao hizi zilizobaki, nijikaze, ninunue boti ya faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) ambayo watu wananiambia haiozi?

Fundi Mbao Kyela

Mkuu, salaam. Mimi ni mtoto wa fundi na ni fundi. Usiuze.

Taruma likioza halivutwi peke yake kwa nguvu, maana misumari itararua ubao ulio mzima. Linakatwa vipande taratibu, au linaachwa lilipo baada ya kukwanguliwa sehemu iliyooza, kisha taruma jipya linawekwa kando yake na kufungwa kwenye mbao zilezile mahali palipo na nyama ya kutosha. Hiyo ya pili ni kazi ya haraka, lakini mimi siipendi, kwa sababu uozo wa la zamani utahamia kwenye jipya ndani ya misimu michache na pale katikati maji yatapata mahali pa kulala. Toa yote.

Tafuta tawi lililopinda lenyewe. Taruma lililochongwa kutoka ubao ulionyooka linakatiza nyuzi za mti na litapasuka siku ya wimbi la kwanza. Mwembe unatoa mikunjo mizuri na Kyela haikosi miembe, ila mwembe nao unaoza upesi usipokaushwa na kupakwa mafuta vizuri, kwa hiyo ukipata mkunjo wa mti mgumu zaidi chukua huo. Na kila taruma litobolewe mfereji mdogo chini, karibu na mkuku, ili maji yapite hadi kwenye ngama badala ya kufungiwa kati ya taruma na taruma. Mwulize fundi wako kama mifereji hiyo ilikuwepo. Nina mashaka kwamba haikuwepo, au iliziba kwa magamba ya samaki na mchanga.

Wazee wa zamani walikuwa wakimwaga chumvi ya mawe ndani ya boti. Inasaidia dhidi ya kuvu, nimeona kwa macho yangu, lakini inakula misumari. Ukitaka kuitumia, basi misumari yote iwe ya kupakwa zinki.

Binti Lupingu

Kaka Msafiri, pole na hongera. Mimi nimekulia mwambao wa Ludewa, ambako vijiji kadhaa gari haifiki na boti ndiyo daladala, ndiyo gari ya wagonjwa, na ndiyo lori la kubebea mihogo na saruji. Nyumbani kwetu tulikuwa na boti ya mbao kwa miaka mingi, na baadaye baba na wadogo zake walichanga wakanunua ya faiba, kwa hiyo nimeishi na zote mbili.

Faiba ni nyepesi, inakimbia kwa mafuta kidogo, na ni kweli haiozi. Lakini usiambiwe kwamba haina matunzo. Ufukwe wetu una mawe mengi, na kila unapoiburuta unakula ile ngozi yake ya nje. Ngozi ikiisha, nyuzi zinaanza kunywa maji, boti inakuwa nzito mwaka hadi mwaka na hujui uzito umetoka wapi. Ikipasuka, seremala wa kijijini hawezi kukusaidia. Unahitaji kitambaa chake maalumu na gundi yake ya kuchanganya, na gundi hiyo kwetu ilikuwa ikiagizwa Mbeya, nayo ikikaa dukani muda mrefu inaharibika. Boti iliwahi kulala nchi kavu miezi miwili kwa ufa wa urefu wa kiganja.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Boti ya mbao ikijaa maji hubaki ikielea usawa wa maji, ukishaitupa mashine, na watu wanaweza kuishikilia. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Kama haikujengewa vyumba vya hewa au povu la kuelea, ikijaa inakwenda chini, na ziwa letu kina chake kinafika kama meta 700. Baba hakununua mpaka alipooneshwa povu hilo kwa macho yake.

Mkazi wa Migoli

Kutoka Mtera, Iringa. Kwetu bwawa likishuka wakati wa kiangazi visiki vya miti iliyozamishwa vinakaribia uso wa maji bila kuonekana, na kila mwenye mashine amewahi kuvunja pangaboi. Mimi nilitoboa boti ya mbao mara mbili nikaziba kwa kipande cha bati, pamba na lami, nikarudi nyumbani. Jirani yangu wa faiba alivutwa. Kwa maji yenye visiki mbao ni rafiki. Kwa Matema sijui visiki vyenu vikoje, ila mito inayoingia hapo lazima inaleta magogo wakati wa masika.

Natafuta Boti Mbeya

Naomba kuuliza bila kuharibu mada. Na mimi nina mpango wa kununua boti ndogo ya matembezi. Gharama kubwa hasa iko wapi, kwenye boti au kwenye mashine? Na hizo furaha zinalingana na usumbufu?

Msafiri wa Matema (mleta uzi)

Nawashukuru wote, ndaga fijo. Fundi, nimerudi kuangalia: mifereji ipo kwenye mataruma manne tu kati ya 11, na yote manne yameoza kidogo sana. Umenifungua macho. Dada Lupingu, habari ya povu la kuelea sikuwahi kuisikia kwa muuzaji hata mmoja.

Ndugu unayetafuta boti, gharama iko kwenye mashine, na zaidi ya mashine iko kwenye kutokuwepo kwako. Mashine ya 15 ukiibana hadi mwisho inakunywa lita 6 hadi 7 kwa saa. Ukiipunguza kidogo inakunywa kidogo zaidi ya nusu ya hapo na mwendo unaokosa si mkubwa, kwa hiyo jifunze kutokuwa na haraka. Yangu ni ya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na mchanganyiko ukikaa kwenye tangi miezi mitatu, petroli inaacha gundi ndani ya kabureta. Sasa kabla ya kupanda gari kurudi Mbeya nachomoa mpira wa mafuta, naiacha mashine iwake mpaka izime yenyewe. Dakika tano hizo zimeniokoa safari nyingi za fundi.

Kila unapowasha, kabla ya kuondoka ufukweni, tazama nyuma kama ule mshipa wa maji unatoka. Ndani kuna kigurudumu cha mpira kinachoitwa impela, kinachosukuma maji ya kupoza mashine, na mchanga wa ufukweni unakisaga. Mwaka wangu wa pili niliuziwa impela ya bandia katika duka moja la vipuri, ikasambaa vipande nikiwa mbali na nchi kavu na mama akiwa ndani ya boti. Mashine ilipiga kelele ya joto nikaizima, tukapiga makasia kwa saa mbili na nusu. Mama hakusema neno lolote njia nzima, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tangu siku hiyo impela nainunua mwenyewe kwa wakala, nabeba ya akiba pamoja na plagi mbili, na kila mwaka naibadilisha hata kama inaonekana nzima. Oili ya gia nayo ikitoka nyeupe kama maziwa, jua sili imeachia na maji yameingia.

Kuhusu furaha, sina kipimo cha kuzilinganisha na usumbufu, bali naweza kukueleza Jumamosi moja. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo. Wanawake wa Ikombe wanafinyanga vyungu vyembamba, vyepesi, vilivyosuguliwa vikang'aa, na wanavileta sokoni kwa njia ya maji, maana njia ya miguu inapita miambani. Ninapokuwa na boti huwa ninaondoka Matema saa kumi na moja alfajiri, ziwa likiwa limelala, wavuvi wa usipa wakirudi na taa zao ambazo bado hazijazimwa. Kule Ikombe mama zangu wadogo wanapakia vyungu kwa majani makavu ya migomba katikati, kila kimoja mdomo chini, nao wanakaa pembeni wakivishika kwa mikono. Hapo naendesha polepole kuliko wakati wowote, kwa sababu wimbi moja la hovyo linaweza kuvunja kazi ya wiki mbili. Tunafika jua likitoka mlimani. Hawanilipi na sitaki walipe. Siku niliyoambiwa na mmoja wao kwamba tangu boti ianze kuja hajavunjikiwa chungu hata kimoja, nilikaa mchangani nikaona kwamba petroli yote ya miaka ile ilikuwa imelipwa.

Muuguzi Ipinda

Naongeza la afya. Wengi wenye boti wanasimama ndani ya maji hadi magotini wakisugua ule utelezi wa kijani chini ya boti, na mara nyingi wanaifunga kwenye matete kwa sababu huko kuna utulivu. Kwenye matete na maji yaliyotulia ndiko wanakoishi konokono wa kichocho. Isugueni boti ikiwa juu ya mchanga mkavu. Na mtu anayeingia majini mara kwa mara afike kituo cha afya apimwe. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na inapimwa kulingana na uzito wa mtu, si ya kumeza kwa kukisia.

Mwalimu wa Historia Tukuyu

Nimeufuata uzi huu kwa furaha. Nina dokezo moja kuhusu muda wa kuipandisha boti nchi kavu, kwa kuwa matengenezo yana hatari yake. Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa juu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ambayo ndiyo Liuli ya leo, wakati meli ya Waingereza Guendolen ilipofika na kuishambulia. Habari za kuanza kwa vita zilikuwa bado hazijamfikia nahodha wa Wajerumani. Meli iliyo nje ya maji haiwezi hata kukimbia. Sisi hatuna vita, ila tunayo misiba na wagonjwa. Ningemshauri ndugu Msafiri asiipandishe boti kabla ya kukubaliana na mwenye boti nyingine ili mama zetu wa vyungu wasikwame.

Kuhusu majira, mwezi huohuo wa Agosti bado ni msimu wa upepo mkali wa kusini, mwera, ambao huanza kama Mei. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo huo unalisukuma wimbi kwa urefu wote huo mpaka linakuja kuvunjikia kwetu, huku kwenye kona. Julai 1946 meli ya Vipya, ikiwa mpya kabisa, ilizama katika upepo wa aina hiyo upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), wakafa watu zaidi ya 140. Kwa hiyo miezi ya mwera ndiyo miezi mizuri ya boti kuwa juu, ikikauka na kutengenezwa, kuliko kuwa majini.

Fundi Mbao Kyela

Mwalimu amesema kweli. Hata ubao hukauka vizuri zaidi miezi hiyo, na rangi hushika. Anayepaka rangi Machi anapaka juu ya maji, na rangi hiyo inayafungia maji ndani.

Ila msiikaushe kupita kiasi. Boti ya mbao ikikaa juani miezi miwili mbao zinasinyaa, kalafati inalegea, na siku ya kuishua itavuja kama chujio. Ifunikwe kwa majani au turubai lililoinuliwa ili hewa ipite, na siku chache kabla ya kuishua imwagiwe maji ndani ili mbao zivimbe zishikane.

Binti Lupingu

Kaka, hujasema umeamua nini. Nami nauliza: ukinunua faiba, nani atakayekumba maji ya mvua ukiwa Mbeya? Faiba haiozi, lakini ikijaa mvua usiku mmoja wa Aprili ikiwa imefungwa na mashine yake nyuma, itazama palepale, na mashine itaingia maji.

Msafiri wa Matema (mleta uzi)

Dada, hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi juzi, nami nimepata jibu langu kupitia kwako. Nilikuwa nikidhani tatizo ni mbao. Tatizo ni kwamba nina chombo kinachohitaji mkono wa mtu kila mvua inaponyesha, na mkono huo hauko Mbeya. Faiba ingenibadilishia aina ya hasara tu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mataruma yote yaliyoguswa na uozo yatatolewa, na kila jipya litakuwa na mfereji wake. Fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya faiba nitaigawa: sehemu itajenga banda la makuti lenye nguzo za mikaratusi pale juu ya mchanga, mbali na mahali maji yanapofika Mei ziwa linapojaa, na boti itakuwa inalala humo juu ya magogo ya kuviringisha badala ya kuelea kwenye nanga mvuani. Sehemu nyingine itamlipa kijana yule kwa mwezi, kwa makubaliano yaliyoandikwa, awe na ruhusa ya kuvulia samaki kwa boti hiyo siku ambazo mimi sipo, kwa sharti la kuitoa nje na kuikausha. Chombo kinachotumika kila siku kina mtu wa kukitazama kila siku, na yeye atapata kipato kuliko kuwa mlinzi wa kitu asichonufaika nacho. Leseni ya uvuvi na ukaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) tutavikamilisha kabla hajatega wavu wa kwanza, na majaketi okozi yatakuwa sita, si manne niliyonayo sasa.

Kuhusu Jumamosi za vyungu, nimempigia simu mwenye boti mmoja wa Lyulilo. Amekubali kwenda Ikombe kwa wiki sita, mafuta nitayalipa mimi. Nimemweleza apange vyungu mdomo chini, na asizidishe mwendo anapopita mwamba wa kwanza, maana pale wimbi hurudi kutoka ukutani.

Fundi, naomba uniandikie ujumbe wa faragha. Jumatatu nateremka Kyela kutafuta mikunjo ya mwembe, na ningependa tuichague pamoja mti ukiwa bado umesimama.